Mashahidi Chini ya Jiwe

Jiwe lilibingirika mara tatu. Mara ya kwanza taratibu, kama mtu mnene anayegeuka kitandani. Mara ya pili kwa haraka zaidi. Mara ya tatu liliruka, likapita kando ya chemchemi likirusha matope, likaenda kutua kwenye kichaka cha majani yawashayo huko chini. Nikazima trekta. Hata ndege walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

Halikuwa jiwe la hivi hivi. Lilichongwa pande nne, uzito wake kama nguruwe wa Krismasi, upande mmoja lina herufi O na upande wa pili herufi M. O ni Ourtelle, kijiji chetu. M ni Magnerey, kijiji cha ng'ambo ya kilima. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini jiwe lile lilisimama juu ya chemchemi likisema: huku kwenu, huku kwao. Mimi nililing'oa kwa ndoo ya trekta asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nikisafisha mtaro huku napiga mbinja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kazi ile nilikuwa nimeipata majuma sita tu nyuma.

Mtu mwenye akili angeshuka kumwambia meya. Mimi nilichukua mtaimbo, nikasukuma, nikatukana, nikasukuma tena. Jiwe halikupanda hata shubiri. Basi nikalisimamisha palepale lilipochoka. Nikachimba shimo, nikalikita, nikashindilia kokoto pembeni, na nikahakikisha kwamba O inatazama kwetu na M inatazama kwao. Kwa hilo la herufi nilijisifu kabisa. Shimo la zamani nililijaza udongo wa mtaro, nikalikanyagakanyaga. Nikafunika kombe mwanaharamu apite, nikashuka kwenda kula.

Sikupima. Wengine walikuja kunipimia baadaye: mita kumi na moja.

*

Ourtelle imekaa kwenye mkunjo wa kilima kama makombo ya mkate kwenye mkunjo wa aproni. Nyumba thelathini na mbili za mawe, kanisa lenye mnara uliofunikwa vigae vya rangi, na ng'ombe wengi kuliko watu. Wakati ule tulikuwa watu tisini na wanne. Mnara wa waliokufa vitani una majina thelathini na saba, na ukiyasoma polepole utaona kwamba kuna nyumba zilizotoa baba na wana wawili. Tangu hapo kijiji hakikupata kunenepa tena.

Magnerey wao wana barabara kuu, bucha, kiwanda cha mbao, shule na watu mia sita. Sisi tuna chemchemi. Tunaiita Jicho, na inatoka ubavuni mwa mwamba, baridi hata mwezi wa nane, inateremka hadi kwenye birika la kufulia, kisha hori la ng'ombe, kisha nyumba zote. Watu wa Magnerey walituita Konokono, maana walidai hatutoki majumbani mpaka mvua inyeshe. Sisi tuliwaita Vyura, kwa sababu ya madimbwi yao na kwa sababu ya midomo yao. Vijiji viwili vilioana, vikazikana, vikaibiana uyoga, na matusi hayo yakabaki kama salamu.

Mimi sikuzaliwa Ourtelle. Nililetwa na gari la serikali nikiwa na miaka tisa na sanduku la kadibodi, nikakabidhiwa kwa wakulima, kama walivyokabidhiwa watoto wengi wasio na wenyewe siku zile. Shule niliacha siku ileile sheria iliponiruhusu, na shule haikulia. Halmashauri ya kijiji iliponiajiri kuwa mtu wa mitaro, yaani mtu wa kufyeka kando ya njia, kuzibua mifereji, kuchimba makaburi na kupandisha bendera siku za sherehe, walinipa pia chumba juu ya shule iliyokuwa imefungwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ufunguo.

Hakuna aliyenitukana pale. Sitadanganya. Ila kila nilipoketi kwenye karata, likitajwa jambo la zamani, mtu angesema, “Ah, Firmin, wewe huwezi kulijua hilo, lilikuwa kabla hujaletwa.” Kuletwa. Kama mfuko wa saruji.

Ndiyo maana sikusema habari ya jiwe. Anayeletwa anaweza kurudishwa.

*

Miaka saba ilipita. Miiba ikaota juu ya shimo la zamani, kuvu ikalivaa jiwe mahali pake papya, na mimi nikaanza kuamini kwamba ndipo lilipokuwa siku zote. Kisha kikaja kiangazi cha mwaka themanini na tisa, na mvua ikatusahau.

Visima vya Magnerey vilikauka mwezi wa saba. Meya wao, Perrachon, alikuwa muuza nyama mwenye shingo ya fahali na kicheko cha kufungua milango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu mia sita wanaooga kwa ndoo. Siku moja alipanda kilima na mbwa wake, akafika kwenye Jicho, akaona maji yanabubujika, akaona jiwe liko upande wa chini wa chemchemi na si juu yake. Akakaa chini. Nadhani alicheka.

Juma hilohilo barua ilifika kwa meya wetu, Bwana Bourdillat. Jicho, ilisema barua, liko ndani ya ardhi ya Magnerey kwa mita tano. Magnerey inakusudia kulijengea, kufunga pampu na kuyavusha maji ng'ambo ya kilima. Ourtelle itaachiwa yatakayobaki. Hayangebaki.

Wazee wetu walitoa ramani ya mwaka 1831. Mstari wa mpaka uliochorwa pale juu ulikuwa mnene kama mkia wa panya. Ukiupima kwa kipimo cha ramani, wino peke yake ulikuwa na upana wa mita kumi na tano. Jicho lilikuwa ndani ya wino. Lakini pembeni pameandikwa kwa mkono mzuri: kutoka jiwe hadi jiwe. Basi jiwe ndilo lingeamua.

“Mbona mimi nakumbuka jiwe liko juu ya maji?” alisema mwindaji mmoja, karata mkononi.

“Na unakumbuka ulikunywa chupa ngapi siku hiyo?” akajibiwa.

“Jiwe haliwezi kutembea.”

“Haliwezi.”

Nikacheza karata yangu. Nilicheza vibaya.

Mahakama iliteua mpima ardhi kutoka mjini na ikataja siku: Alhamisi ya pili ya mwezi wa tisa. Majuma matatu nilifyeka njia ambazo nilikuwa nimekwishazifyeka. Nilipita kwenye birika la kufulia nikawaona akina mama wamesimama wakiyatazama maji tu, kama watu wanaomtazama mgonjwa. Mmoja akaniambia, “Firmin, mwanangu, utapata kazi rahisi mwakani. Hakutakuwa na mifereji ya kuzibua.” Alitaka kunichekesha.

*

Siku ile tulipanda wote. Ourtelle nzima, isipokuwa ng'ombe na Bibi Zélie Monnerot, ambaye alikuwa na miaka themanini na saba na magoti yake yalikwishagoma. Kutoka upande wa pili walishuka Vyura kama arobaini, Perrachon mbele, amevaa tai. Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Nyasi zilinukia, na juu ya kilima kulikuwa na mwewe mmoja anazunguka akisubiri kuona nani atakufa.

Mpima alikuwa binti mwembamba, Bi Rosselot, buti zake zimeliwa na matope. Akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu.

“Nahitaji mtu wa kunishikia fito,” alisema.

“Chukua mtu wetu,” akasema Bwana Bourdillat. “Firmin Chaussard. Mkono wake hautetemeki.”

Nikapewa fito yenye mistari myekundu na myeupe, nikaambiwa niisimamishe juu ya kichwa cha jiwe. Nikaisimamisha. Watu mia moja na zaidi walikuwa wananitazama mimi, jiwe na fito.

“Iwe wima, Bwana Chaussard.”

“Iko wima.”

“Inacheza.”

Ilikuwa inacheza. Perrachon akacheka na watu wake wakacheka. “Konokono ana homa!” mtu akapiga kelele. Bi Rosselot akainama kwenye darubini, akatoa kalamu nyuma ya sikio lake, na kalamu ile ilipogusa daftari nikaona kwamba sasa ndipo maji yanapoandikwa kwao. Si kwa jiwe. Kwa mkono wangu ulioshika fito.

Nikaiachia. Ikaanguka kwenye majani.

“Jiwe hili si mahali pake,” nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia. “Nililiangusha mimi. Miaka saba iliyopita, kwa trekta. Lilikuwa juu kule. Likabingirika, nikashindwa kulipandisha, nikalisimamisha hapa.”

Bi Rosselot akainua kichwa kutoka kwenye darubini. Kisha Perrachon akaanza kupiga makofi, polepole, kwa viganja vyake vipana.

“Safi sana! Jamani, mmesikia? Mwajiriwa wa Ourtelle, anayelipwa na Ourtelle, anayelala kwenye chumba cha Ourtelle, leo amekumbuka kwamba jiwe linapaswa kuhamia kwetu! Miaka saba alikuwa bubu. Leo Bwana amemfungua ulimi!”

Watu wake walipasuka kwa kicheko. Nikamtafuta Bwana Bourdillat. Alikuwa amesimama na mikono mfukoni, kofia imeshushwa, na hakuniangalia. Alisema neno moja tu.

“Tutaongea.”

Nimepigwa kwato na farasi, nimeangukiwa na tawi la mwaloni. Neno lile liliuma kuliko vyote viwili.

“Bwana Chaussard,” akasema Bi Rosselot, bila ukali, “unaweza kunionyesha mahali lilipokuwa?”

Nikapanda. Nikaonyesha. Kisha nikaona kisiki nisichokikumbuka, nikasogea hatua nne, nikaonyesha pengine. Miaka saba ya miiba imeufanya ubavu mzima wa kilima kuwa uso wa mtu mmoja asiyenyoa ndevu. Nilipoonyesha mahali pa tatu hata watu wetu walianza kutazama viatu vyao.

“Siwezi kuandika hivyo,” akasema yule binti. “Pole.”

*

Nani alishuka kumwambia Bibi Zélie, sikupata kujua. Ninachojua ni kwamba tulisikia trekta inaunguruma njiani, na juu ya tela lake, kwenye kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba, ameketi Bibi Zélie na aproni yake, mikono ameikunja, uso ameukaza kama siku ya uchaguzi.

“Nani amekufa?” aliuliza. “Mbona mmenuna?”

“Bibi, hakuna aliyekufa,” akasema Bourdillat. “Firmin anasema alilisogeza jiwe.”

“Nimesikia. Mjinga.” Alinitazama. “Na ninyi wengine je? Mmewachimbua mashahidi?”

“Mashahidi gani?”

Akatutazama mmoja mmoja, Konokono na Vyura pamoja, kama mwalimu anayegundua kwamba darasa zima halikuosha masikio.

“Yesu na Maria. Hamjui? Hakuna hata mmoja anayejua?” Akanyoosha kidole chini. “Mnadhani wazee walikuwa wapumbavu wasijue kwamba jiwe linaweza kutembea? Lilikuwa linatembea kila majira ya mavuno! Kabla ya kulisimika walichukua kigae kimoja, wakakivunja vipande vitatu mbele ya watu wote, wakavifukia chini ya jiwe. Ukiliiba jiwe, umeliiba jiwe. Vipande vinabaki. Na vikiunganishwa vinashikana, kwa sababu hakuna vigae viwili duniani vinavyovunjika sawasawa. Hao ndio mashahidi.”

Bi Rosselot alikuwa amekuwa mwekundu. “Tulisoma darasani,” alisema polepole. “Aya moja. Mwalimu alisema hatutawaona kamwe.”

“Basi leo utawaona, binti yangu. Nishusheni.”

“Bibi,” Perrachon akasema, sasa kwa adabu, maana mama yake na Zélie walipokea komunyo ya kwanza pamoja, “utachimba wapi? Kilima kizima?”

“Nitachimba pale nilipopigwa kofi.”

Akasimama kwenye nyasi, mkono mmoja begani kwa meya wetu na mwingine begani kwa meya wao, kwa sababu walikuwa karibu, akatueleza huku akipanda. Babu yake alikuwa mtu aliyeapishwa kulinda mipaka. Kila mwaka, baada ya nyasi kukatwa, aliwachukua watoto wote wa kijiji, akawatembeza jiwe hadi jiwe, na kwenye kila jiwe akampiga mmoja wao kofi la kwelikweli, bila kosa lolote. Karatasi huungua, alisema babu, wazee hufa, lakini mtoto aliyepigwa bila kosa hasahau mahali.

“Hapa kwenye Jicho zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nilikuwa nimesimama mgongo umegusa jiwe, naangalia mnara wetu wa kengele, naona umekaa katikati ya mabega mawili ya bonde, sawasawa, kama yai kwenye kikombe. Kisha paa! Kofi likanigeuza uso. Na nilipofumbua macho nikaona kule.” Akaelekeza kidevu upande wa kilele. “Kwenye lile pengo. Nikaona jogoo wa bati aliye juu ya mnara wa kanisa la Magnerey. Jogoo tu, mnara haukuonekana. Nikalilia jogoo yule mpaka jioni.”

Bi Rosselot alikuwa amekwishashika darubini yake begani.

Sijapata kuona kazi kama ile, na sitaiona tena. Kikongwe wa miaka themanini na saba akitembea kinyumenyume juu ya miiba, meya huku na meya huku, macho kwenye mnara. “Kushoto. Kushoto tena. Perrachon, unanikanyaga. Hapo yai limekaa.” Kisha anageuza uso ghafla, kama aliyepigwa sasa hivi, anatazama pengo. “Naona shingo ya mnara. Ni juu mno. Shukeni.” Hatua moja. Anageuka tena. “Naona mkia tu.” Nusu hatua. Na yule binti nyuma yake anapima kwa darubini, anaandika, anapima, midomo inasogea kimya.

“Hapa,” akasema Bibi Zélie.

“Hapa,” akasema Bi Rosselot karibu kwa pamoja naye, akitazama hesabu zake.

Wakanipa koleo. Au tuseme nililichukua kabla hawajampa mtu mwingine.

Chini ya miiba kulikuwa na udongo laini, mweusi, wa mtaro. Udongo wangu. Niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Nikachimba mpaka gotini, nikafika kwenye udongo mgumu wa manjano ambao trekta haikuufikia, nikalala kifudifudi nikaendelea kwa mikono. Nilisikia watu wanahema juu yangu. Harufu ya ardhi ilinijaa puani. Kucha yangu ikagonga kitu, nikadhani kokoto. Haikuwa kokoto.

Kilikuwa kipande cha kigae chekundu, kikubwa kama kiganja. Nikampa Bi Rosselot. Cha pili kilikuwa chini yake kimelala kiubavu. Cha tatu kilikawia, na wakati nakitafuta nilimsikia Perrachon anasema kwa sauti ya chini, “Vipande vya kigae viko kila mahali. Kuku wangu wanalalia vipande vya kigae.” Lakini hakulisema kwa kicheko.

Cha tatu kikapatikana.

“Aunganishe yeye,” akasema Bibi Zélie. “Chura mwenyewe.”

Perrachon akapiga magoti na tai yake. Akaosha vipande kwenye Jicho, akavifuta kwa shati. Vidole vyake, vilivyozoea kutenganisha nyama na mfupa, vikaweka kipande cha kwanza na cha pili ubavu kwa ubavu juu ya nyasi. Vikashikana. Akaleta cha tatu, akakigeuza mara moja, mara mbili. Kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, kama mlango wa kabati unaofungwa.

Akapitisha kidole gumba juu ya nyufa. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na watu mia sita wenye kiu nyuma yake. Akainuka.

“Ni kigae kimoja,” alisema. Kisha akamgeukia Bourdillat. “Anselme, sisi tutakunywa nini?”

“Mtakunywa maji,” akasema Bourdillat. “Mtaomba, kama watu. Hukuwahi kuomba, uliandika barua.”

“Ningeomba, ungenipa?”

Bourdillat akafikiri kwa uaminifu. “Hapana,” alisema. “Lakini sasa nitakupa.”

Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kwanza Vyura, sijui kwa nini, kisha sisi.

*

Jiwe tulilipandisha kwa kamba. Wanaume kumi na wawili, sita kwa sita, na hakuna aliyetaja trekta. Bibi Zélie alirudishiwa kiti chake, akaongoza kwa mkongojo. Mashahidi walirudi chini kwanza, kama walivyokuwa, na jiwe likashuka juu yao likitoa mguno. Nikashindilia kokoto. Nikatazama herufi.

“Bado,” akasema bibi.

“Bado nini?”

“Jiwe bila kofi halijasimikwa. Leteni mtoto.”

Tukatazamana. Ilikuwa Alhamisi. Watoto wetu watano walikuwa shuleni, na shule ilikuwa Magnerey. Bibi Zélie akapitisha macho yake juu ya kundi zima la Ourtelle, vichwa vyeupe, vichwa vyenye upara, akatafuta mdogo kuliko wote. Nilikuwa na miaka ishirini na minane.

“Wewe. Njoo.”

“Bibi,” nilisema, “inatakiwa awe mtu wa kijiji.”

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini pale juu kila mtu alisikia.

“Ndiyo,” akasema. “Simama. Mgongo uguse jiwe.”

Nikasimama. Akaniambia niangalie mnara, nikauangalia. Ulikuwa umekaa katikati ya mabega ya bonde, kama yai kwenye kikombe. Nilikuwa nimeuona mnara ule kwa miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kuuona. Nikaanza kufikiria hivyo, na kofi likaja.

Nilidhani mkono wa miaka themanini na saba ungekuwa kama jani. Haukuwa jani. Nikaona nyota, nikaona pengo la kilima, na kwenye pengo, wazi kabisa, jogoo wa bati anang'aa juani.

“Umeona nini?” akauliza.

“Jogoo.”

“Mnara?”

“Hapana. Jogoo tu.”

“Vizuri. Usisahau.” Akapangusa kiganja kwenye aproni. “Sasa upande wa Magnerey. Nao wanahitaji shahidi.”

Perrachon akalegeza tai, akavua kofia, akaja kusimama mwenyewe, mtu wa kilo mia moja na ishirini, akafumba macho. Kofi lake lilisikika hadi kwenye birika la kufulia. Akina mama waliokuwa wamekwishashuka huko kuchota maji waliapa baadaye kwamba walilisikia. Vyura walipiga kelele za shangwe kama wamefunga bao.

Watu walishuka na soseji za moshi na mvinyo vikapanda. Tulikula palepale kwenye mpaka, wengine miguu iko Ourtelle na makalio yako Magnerey. Bi Rosselot alinywa gilasi moja, akaandika ukurasa mrefu, akaja kuniuliza jinsi ya kuandika jina langu, maana jedwali lake lilikuwa na nafasi ya mashahidi. Nikamwandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa, polepole.

Lakini mambo yangu na meya yalikuwa bado. Bourdillat alikuwa ameketi mbali, akikata jibini kwa kisu chake cha mfukoni, na neno lake lilikuwa bado halijafunguliwa. Halmashauri ingeweza kunitoa kazini kwa mkono mmoja. Miaka saba nilikuwa nimewatazama usoni watu hawa, nikicheza nao karata, siri yao iko kwangu na wao hawajui. Kofi la bibi lilikuwa la bibi. Kazi ilikuwa ya meya.

Jua lilipoanza kulegea akainuka, akafunga kisu, akaja hadi niliposimama. Akalitazama jiwe. Akaligusa kwa kiatu, kama anayejaribu gurudumu.

“Limekaa?”

“Limekaa, Bwana Meya.”

Akaitikia kwa kichwa. Shavu langu lilikuwa bado linawaka, na nadhani aliona.

“Mtaro wa nyuma ya kanisa umeziba,” alisema. “Kesho saa mbili.”

Akavaa kofia akaanza kushuka. Nikabaki peke yangu kukusanya kamba na gilasi. Kutoka pale, ukitega sikio, unayasikia maji yakitoka kwenye mwamba na kuanza safari yake kuelekea majumbani. Nilikaa nikayasikiliza, kisha na mimi nikateremka. Asubuhi yake nilikuwa nyuma ya kanisa saa moja na nusu.